Kompyuta Zilizorithi Majina

Wenzangu wa kitengo cha tehama, mliponiaga pale ukumbini mlinipa kitenge, keki na hotuba tatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza swali la kazi. Sasa ni wiki ya sita nimekaa nyumbani Nyasho. Kuku wameshanizoea, majirani wameshaniletea simu zao zote zilizoharibika, na bado kuna mambo kichwani ambayo hayamo kwenye yale makaratasi ya makabidhiano. Nayaandika hapa. Vyeo na mishahara naviacha, viko kwenye faili na havimfundishi mtu kitu.

Niliingia shirikani kama mpiga chapa. Tulikuwa na zahanati, shule na ofisi chache zilizotawanyika Musoma, Bunda na Butiama, na habari zote zilipita kwa simu ya upepo iliyokaa chumba kimoja na jenereta. Mwenye chumba hicho alikuwa Mzee Masatu, fundi wa kila kitu chenye waya. Kompyuta ya kwanza ilipofika, uongozi ulimkabidhi yeye kwa sababu ilikuwa na waya, na mimi kwa sababu ilikuwa na herufi.

Siku hiyo ya kwanza hatukuiwasha. Mzee Masatu alitoa kitabu chake ndani ya boksi, akanikalisha kwenye kreti la soda, akaniambia nisome kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza. Siku ya pili mkurugenzi alichungulia mlangoni akauliza mbona mashine iko kimya. Mzee Masatu akamjibu, "Bado tunaisoma." Nilimpenda tangu siku hiyo.

Vifaa vyake vilikuwa brashi ya rangi ya inchi mbili, bisibisi mbili na kopo la maziwa lililojaa skrubu. Brashi ndiyo ilifanya kazi kuliko vyote. Ninyi mnaijua Musoma: wale wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu yao, hawabagui sufuria na kompyuta. Nimewahi kufungua mashine moja ya ofisi nikakuta feni imesimama kwa sababu ya wadudu waliokauka, na chini yao mjusi ametaga mayai. Mzee Masatu aliyatoa moja moja kwa kijiko cha chai, akayahesabu, akayaweka dirishani kwenye jua. Sikuwahi kujua kama yangeanguliwa, ingawa nilikwenda kuyachungulia kila asubuhi mpaka mfagiaji akayatupa.

Jambo kubwa alilonifundisha ni dogo sana. Mashine ikiwaka, kabla ya picha kutokea, kuna maandishi meupe yanapita haraka kwenye skrini nyeusi. "Hayo ndiyo usomaga," alinambia. "Watu wote wanangojeaga picha. Wewe soma wakati wenzako wanangoja."

Nikasoma. Siku moja tukiwa Bunda tulikuta mashine iliyokufa diski. Ikawaka, ikakosa diski, halafu badala ya kulalamika kama nilivyotarajia, ikaandika kwamba inatafuta kitu kwenye mtandao. Vidoti vikazunguka kwa dakika nzima. Ikakata tamaa.

"Inatafuta nini?" nikamuuliza.

"Inatafuta mwenzake."

"Mwenzake yupi?"

Mzee Masatu alifikiri, akafuta miwani kwa shati. "Hilo silijui," akasema. "Ukilijua, uniambie." Alistaafu mwaka uliofuata, nami nikabaki na lile swali.

Nilibaki nalo muda mrefu kwa sababu sikuwa na nafasi. Kazi yangu kubwa miaka ile ilikuwa kupiga windo, yaani kuipa kompyuta mfumo wake upya. Leo mnacheka, lakini fikirini: mkoba wa sidii begani, gari la shirika limeniacha kwenye shule moja Butiama, kompyuta kumi na mbili mezani, na kila moja inataka nusu siku ya kukaa nayo. Inauliza lugha, unajibu. Inauliza aina ya kibodi, unajibu. Inauliza uko nchi gani, halafu ukifika kwenye saa unakuta hatumo, inabidi uchague Nairobi. Ukishafika karibu na mwisho umeme unakatika, unaanza upya. Nilipiga hesabu siku moja nikaona kwamba nimesoma, nimeajiriwa na nimelelewa na wazazi wema ili nije kubonyeza kitufe cha kuendelea.

Hapo ndipo nilipolirudia lile swali. Nilikwenda kwenye kibanda cha intaneti mjini, nikachapisha kurasa kidogo kidogo, nikawa nazisoma jikoni huku ugali unaiva na mara nyingine unaungua. Jibu lilinifurahisha mpaka nikacheka peke yangu. Kompyuta tupu, isiyo na kitu ndani, inapowaka inapiga hodi kwenye waya. Kama kuna mashine nyingine upande wa pili inayojua kuitikia, itaipa kwanza anwani, halafu kipande kidogo cha programu, halafu mfumo mzima hadi ikae sawa. Miaka yote zilikuwa zinapiga hodi, na katika shirika zima hapakuwa na wa kuitikia. Nilimpigia simu Mzee Masatu nikamwambia. Akasema, "Kumbe," na nilisikia kwamba amefurahi.

Nilichukua mashine kuukuu ya stoo, nikaifanya sava, ile mashine ya kuitikia hodi. Majaribio ya kwanza yalikuwa vituko. Sava yangu iliitikia kila mtu, hata asiyeiita: printa ya mhasibu iliomba anwani kama kawaida yake, ikapewa na sava yangu anwani ya ajabu, na nusu ya jengo ikashindwa kuchapisha siku mbili huku mimi nikiwasaidia kushangaa. Niliungama baadaye. Halafu nikaandika faili la majibu, yaani maswali yote ya lugha, kibodi na saa nikayajibu mara moja, ili mashine ikifika pale ikute jibu linaingoja.

Asubuhi ilipokubali nilikuwa nimeweka kompyuta mbili mezani bila kibodi wala kipanya. Nilizichomeka waya tu. Zikapiga hodi, zikaitikiwa, zikaanza kujipiga windo zenyewe. Walinzi walikuja kuangalia. Mama Nyanjura, mpishi wetu, naye alikuja na mwiko mkononi.

"Sasa wewe unafanyaga nini hapo?" akaniuliza.

"Ninaangalia."

"Na mwisho wa mwezi unasaini mshahara?"

"Ninasaini."

"Haya, na mimi nitafutie sufuria la hivyo."

Katika maswali yote lilibaki moja. Kabla ya kufuta diski, mashine ilikuwa inasimama na kuuliza kama una uhakika. Kwa kompyuta mbili si kitu, lakini kwa kompyuta za vituo vyote, swali hilo lilimaanisha mtu atembee chumba hadi chumba akijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nililiondoa. Nawaambia ukweli, nilijivunia kuliondoa kuliko kazi nyingine yoyote niliyofanya.

Kisha ikaja amri kwamba kompyuta zote za shirika zihamie mfumo mpya, na mimi nikawa tayari. Ila lazima kwanza niwaeleze habari ya majina.

Mwanzoni tulizipa kompyuta namba, na namba zilivurugika. Vibandiko vilibanduka, watu wakahamisha mashine, ukiuliza namba nne unaletewa namba tisa. Nikaviambia vituo vizipe majina wanayopenda, watakumbuka. Wakapenda kweli. Mwalimu mkuu mmoja Butiama aliipa ya kwake jina la bibi yake, kwa maelezo kwamba bibi hakuwahi kusahau deni wala tusi. Kwenye zahanati yetu ya Nyasura, Bunda, muuguzi wa watoto aitwaye Wegesa aliipa ya kwake jina la Nyamisi, dada yake marehemu. Nililiandika kwenye kibandiko kwa mkono wangu, nikaliingiza na ndani ya mashine, na sava yangu ikawa inaitambua kila kompyuta kwa jina lake.

Nyamisi ilikufa diski. Niliitoa diski hiyo mwenyewe, haikuwa ya kuokoa, nikapanga kuweka nyingine, na kwenye orodha yangu nikaandika mbele ya jina: haina kitu, ifutwe na kupigwa upya. Nilikuwa na makundi mawili. Kompyuta zenye kazi za watu zilikuwa za kunakiliwa kwanza. Zisizo na kitu zilikuwa za kufutwa moja kwa moja, na Nyamisi alikuwa wa kwanza katika kundi hilo.

Siku ile Nyasura nilifika asubuhi, nikaweka sava yangu juu ya meza ya chumba cha kadi, nikachomeka waya kwenye swichi ya mtandao. Nilibonyeza mara moja. Vyumbani nikasikia mashine zinazima na kuwaka, moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama kwenye korido mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Wegesa akatokea chumba cha mizani amembeba mtoto wa mtu.

"Mama Magesa, Nyamisi inajizima yenyewe na kujiwasha. Ndo inafanyaga hivyo?"

"Nyamisi alikufa," nikamwambia.

"Alirithiwa."

Sikumwelewa kwa muda wa kama pumzi mbili. Halafu nikaelewa. Nilipokuwa likizo waliletewa kompyuta nyingine kutoka Musoma. Wegesa alikibandua kile kibandiko kwenye ile iliyokufa, akakibandika kwenye mpya, na mhasibu wa zahanati, aliyejua kidogo, akabadilisha na jina la ndani lilingane. Jina lisipotee. Watu wa kwetu wote tunafanya hivyo. Mtu akifa, mtoto atakayezaliwa ataitwa yeye, na mimi mwenyewe natembea na jina la bibi mzaa baba. Nililijua jambo hili tangu tumboni, na halikuwahi kunijia kwamba watu watalifanya kwa kompyuta.

Nilikimbia nikachomoa waya wa umeme wa Nyamisi ukutani.

"Humo ndani kulikuwa na nini?"

"Watoto wangu wa seli mundu," akasema Wegesa. Bado alikuwa amembeba yule mtoto, anamtikisatikisa.

Ilikuwa orodha aliyoijenga mwenyewe: jina la mtoto, kijiji, simu ya mzazi au ya jirani, dawa anazotumia na siku zitakapoisha. Wengi wanatoka mbali, huko ziwani, na dawa hazipo kila siku. Zikifika yeye huwapigia, waje wachukue kabla ya zile za nyumbani kwisha. Mtoto wa namna hiyo akikaa bila dawa, maumivu yanaweza kumshika wakati wowote, na mengine huua. Nikamuuliza kama ana nakala. Akasema anayo, hata mbili. Ziko wapi? Akanionyesha kwa kidole kioo cheusi cha Nyamisi. Alikuwa amezinakili kwenye skrini ile ile, moja kushoto na moja kulia.

Hapo kuna somo la ufundi, lishikeni. Sikuiwasha tena. Diski iliyofutwa haijapotea yote mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, na kila dakika inayowaka inaandika. Niliitoa diski, nikaifunga kwenye kanga, nikarudi nayo Musoma nimeipakata. Niliichomeka kwenye mashine nyingine kwa namna ya kusomwa tu, na programu ya uokoaji ikaipitia siku tatu. Siku ya kwanza jioni nililirudisha lile swali kwenye sava. Ndilo mnalolikuta mpaka leo na kunung'unika.

Orodha ilirudi, lakini si yote. Juu ilikuwa safi, chini ilikuwa takataka za alama. Nikakaa na Wegesa tuipitie, na nikaona safu moja yenye kichwa "Wa nani", imejazwa kila mstari. Nyamisi, wa Bhoke wa Nyasura. Nyamisi, wa yule fundi baiskeli. Nikamuuliza hii ni ya nini.

"Nina akina Nyamisi wanne humo," akasema. "Jina peke yake, si nitakuja kumpa mtoto dawa ya mwenzake?"

Mimi ndiye niliyesomea mambo ya orodha, na orodha yangu haikuwa na safu hiyo. Niliiongeza: kompyuta ya nani, inafanya kazi gani, nani ameiona kwa macho wiki hii.

Waliopotea walikuwa kumi na mmoja, wa mwisho kuandikishwa, karibu wote wa upande wa Kibara. Wegesa aliwatoa kichwani mmoja mmoja, na ilikuwa ajabu kumtazama akifanya hivyo. Alifumba macho akasema, huyu mama yake ana duka la pembejeo, huyu baba yake alikuja na pikipiki ya kuazima. Tukawapigia wazazi wa upande ule ambao namba zao zilipona, wakawapa simu majirani, majirani wakatuma watu. Tukawapata kumi. Wa kumi na moja alikuwa Nyangeta, wa miaka minne. Alikuja mara moja tu na bibi yake, na namba waliyoacha ilikuwa ya jirani, imo kwenye zile takataka. Wegesa alikumbuka kwamba bibi alikuwa mrefu na alinukia dagaa. Alikumbuka pia kiasi cha dawa alichompa, na kwa hesabu zake zilikuwa zimeisha.

Tulikwenda Kibara sote wawili kwa pikapu ya shirika. Kutangaza kanisani Wegesa alikataa, kwa kuwa ugonjwa wa mtoto si wa kutangaziwa watu. Tukashuka mwaloni, kwenye ufuko wa wavuvi, tukapita kati ya dagaa walioanikwa, tukiuliza bibi mwenye mjukuu anayeitwa Nyangeta.

"Nyangeta yupi?" mama mmoja akatuuliza huku anageuza dagaa. "Hapa wamejaa. Wa nani?"

Wegesa aliniangalia. Tulieleza urefu wa bibi. Wa kwanza hakumjua, wa pili alitupeleka kwa mwingine kabisa. Wa tatu akasema, "Yule mwenye katoto kanakoliaga mikono? Pandeni huko juu, nyumba ya bati jipya."

Nyangeta alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, na alikuwa analia bila sauti, kama mtoto aliyechoka kulia. Nimefanya kazi miaka mingi na sijawahi kuona aibu kama ile. Wegesa akapiga magoti, akampima joto kwa mkono, akampa maji na dawa ya maumivu, akasema tunaondoka naye sasa hivi kwenda Bunda. Bibi akaanza kufungasha nguo.

"Nilikuwa nangojea simu," akasema akiwa ametupa mgongo. "Mwishowe nikasema, basi, wametuchoka."

"Hawajawachoka, bibi," nikasema. "Ni mimi. Jina la mjukuu wako lilikuwa kwenye kompyuta ya muuguzi, nami nikalifuta."

Akageuka. "Ulilifutia nini?"

Ilibidi nimweleze. Nikamwambia nilitengeneza mashine inayozifuta nyingine na kuzipanga upya, na kwamba inafanya yenyewe, haihitaji mtu. Nilitegemea anitukane. Yeye akaacha kukunja nguo, akataka kujua.

"Yenyewe? Hakuna mtu anaishika?"

"Hakuna."

"Na haiulizi kwanza?"

"Ilikuwa inauliza. Nikaikataza."

"Kwa sababu gani?"

Nilikuwa na sababu zangu nyingi, za barabara, za umeme, za vituo vilivyotawanyika, na nilikuwa nimeshaziandika vizuri kwenye ripoti. Pale ndani hakuna hata moja iliyotoka. "Nilitaka niione ikifanya bila mimi," nikasema.

Bibi hakukasirika, wala hakuniambia si kitu. Akafunga fundo la kanga, akalibeba kichwani.

"Mbebe wewe," akasema. "Mimi kiuno hakiwezi. Ila mikono yake inamuumaga sana, usimnyanyue tu hivi hivi."

Nilipiga magoti kwenye mkeka. Nikamuuliza Nyangeta kama naweza kumnyanyua, na nikangoja. Alivuta kamasi, akaangalia mikono yangu, kisha akaangalia uso wangu, na sisi wote mle ndani tukasubiri mpaka alipotikisa kichwa kwamba ndiyo.